Umeme wa Makaa ya Mawe na Kiwanda cha Chuma: Mambo Anayofaa Kujua Mkazi wa Kapseret

Nyumba nyingi zinazojengwa leo Langas, Kipkenyo, Ngeria, Megun na Simat huanza kwa nondo na kumalizika kwa mabati. Katikati kuna misumari, mabomba, madirisha na lango la chuma. Tangu Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024, ujenzi huo umezidi kuonekana kandokando ya barabara zote zinazoingia Kapseret. Chuma kimekuwa sehemu ya maisha ya kila siku, na wengi hukinunua bila kuuliza kilipikwa wapi, kwa moto gani, na moshi wake uliishia kwa nani.

Somo la toleo hili linahusu swali hilo. Linaeleza jinsi kituo cha umeme cha makaa ya mawe kinavyokihudumia kiwanda cha chuma, faida inayotafutwa, madhara yanayoweza kufuata, na haki alizo nazo mkazi kabla mradi wa aina hiyo haujaanza. Kapseret haina kituo cha umeme cha makaa ya mawe. Hata hivyo, maswali yanayoulizwa kuhusu kituo kama hicho ndiyo yanayofaa kuulizwa kuhusu kiwanda chochote chenye tanuri, dohani au taka zenye sumu.

Chuma hula umeme kiasi gani?

Kuna njia mbili kuu za kutengeneza chuma. Ya kwanza ni kuchimba mawe yenye madini ya chuma na kuyayeyusha pamoja na makaa ya mawe katika tanuri kubwa. Ya pili ni kukusanya vyuma chakavu na kuviyeyusha upya kwa nguvu za umeme. Njia hii ya pili ndiyo iliyoenea zaidi nchini Kenya, na ndiyo maana biashara ya skrapu imekuwa riziki ya vijana wengi mitaani.

Kuyeyusha tani 1 ya vyuma chakavu huhitaji takriban kilowati-saa 600. Kilowati-saa moja ni sawa na uniti moja ya stima, ile ile inayonunuliwa kwa tokeni. Tanuri moja linaloyeyusha tani 10 kwa mkupuo hutumia basi uniti 6,000 hivi. Familia inayotumia uniti 50 kwa mwezi ingezimaliza uniti hizo kwa miaka 10. Tanuri huzimaliza kwa saa chache tu, kisha hujazwa tena.

Tatizo la pili ni kukatika kwa stima. Nyumbani stima ikipotea, familia huwasha taa nyingine na kusubiri. Kiwandani, stima ikipotea kwa muda mrefu wakati chuma kimeyeyuka, chuma hicho huanza kuganda ndani ya tanuri na kinaweza kuliharibu. Wafanyakazi hurudishwa nyumbani, na kazi ya siku nzima hupotea.

Kwa sababu hizo mbili, yaani gharama na uhakika wa stima, viwanda vikubwa vya chuma katika baadhi ya nchi hujenga kituo chao cha umeme. Pale ambapo makaa ya mawe yanapatikana karibu na kwa bei nafuu, hayo ndiyo yanayochaguliwa mara nyingi. Mwenye kiwanda anayetaka umeme wa uhakika ana hoja ya kweli, na mjadala wowote wa haki unafaa kuanza kwa kukubali hivyo.

Jinsi makaa ya mawe yanavyogeuka kuwa umeme

Makaa ya mawe si sawa na makaa ya jikoni yanayotokana na miti. Ni mwamba mweusi uliotokana na mimea iliyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Katika kituo cha umeme, mwamba huo husagwa hadi uwe unga, kisha hupulizwa ndani ya boila na kuchomwa. Moto wake huchemsha maji, maji hutoa mvuke wenye nguvu nyingi, na mvuke huzungusha mapanga ya mtambo uitwao tabaini. Tabaini nayo huzungusha jenereta, na umeme hupatikana.

Sehemu ya mwisho, kutoka mvuke hadi jenereta, inafanana na ile ya Olkaria kule Naivasha. Tofauti ni kwamba Olkaria mvuke hutoka ardhini ukiwa tayari na joto lake, ilhali katika kituo cha makaa ya mawe kila uniti ya umeme hudai makaa mapya yachomwe. Kwa wastani, uniti 1 huhitaji karibu nusu kilo ya makaa ya mawe na hutoa karibu kilo 1 ya hewa ya ukaa, ambayo ni gesi inayochangia kuongezeka kwa joto duniani.

Hesabu ya tanuri letu la tani 10 inaweza kurudiwa sasa. Uniti 6,000 zikitoka kwa makaa ya mawe, zitachoma takriban tani 3 za makaa na kutoa tani 6 za hewa ya ukaa. Makaa hayo yakiwa na kiwango cha majivu cha asilimia 20, zitabaki kilo 600 za majivu. Tanuri likijazwa mara 10 kwa siku, majivu ya siku moja yatafika tani 6, mzigo unaotosha kanta mbili. Kesho yake kanta mbili nyingine zitahitajika, na keshokutwa vivyo hivyo, kwa miaka yote ambayo kiwanda kitafanya kazi.

Moshi, majivu na maji

Madhara ya kituo cha makaa ya mawe huwafikia majirani kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni hewa. Moshi wa makaa ya mawe una vumbi laini sana. Chembe zinazohofiwa zaidi ni zile zenye upana usiozidi mikromita 2.5, yaani ndogo kuliko unywele wa binadamu zaidi ya mara 20. Pua haizizuii. Huingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hufika kwenye damu, zikichochea pumu, maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021 kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usipite mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Moshi huo pia hubeba gesi za salfa na naitrojeni, ambazo huwasha koo na zikichanganyika na unyevu angani huweza kuleta mvua yenye asidi inayodhuru mimea na udongo. Kiasi kidogo cha zebaki nacho hutoka na moshi, huangukia majini na hatimaye kujikusanya katika samaki.

Wakazi wa nyanda za juu wanajua jinsi moshi unavyokaa chini asubuhi yenye baridi. Hewa ya baridi hulala karibu na ardhi, na hewa yenye joto iliyo juu yake huwa kama kifuniko. Katika hali hiyo moshi hautawanyiki upesi, hata dohani ikiwa ndefu.

Njia ya pili ni majivu. Majivu ya makaa ya mawe yana madini kama aseniki na risasi. Yakirundikwa wazi, upepo huyapeperusha hadi mashambani na kwenye matangi ya maji ya mvua. Yakiwekwa katika bwawa lisilo na sakafu imara, sumu yake inaweza kupenya hadi kwenye visima. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Desemba 2008, ukingo wa bwawa la majivu la kituo cha Kingston katika jimbo la Tennessee, Marekani, ulibomoka. Zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope la majivu zilimwagika, zikafunika ardhi, kuharibu nyumba na kuingia mtoni. Nchi tajiri yenye sheria kali ilihitaji miaka mingi kusafisha tope hilo.

Njia ya tatu ni maji. Mvuke ukishazungusha tabaini lazima upozwe. Kituo kinachotumia minara ya kupozea hupoteza takriban lita 2 za maji hewani kwa kila uniti ya umeme. Mkupuo mmoja wa tani 10 za chuma ungekunywa lita 12,000. Mahali ambapo mto mmoja kama Sosiani unategemewa na jiji, mifugo na bustani za mboga, hesabu ya maji haiwezi kuachwa hadi mwisho.

Madhara haya hupunguzwa kwa mitambo. Kuna vichujio vya umeme na vya mifuko vinavyonasa zaidi ya asilimia 99 ya vumbi vikitunzwa vizuri. Kuna mitambo ya chokaa inayonasa gesi ya salfa na kuigeuza kuwa jasi, ambayo hutumika katika ujenzi. Majivu mengine huchanganywa na saruji. Lakini vichujio hugharimu pesa kuvinunua na kuviendesha, na kichujio kilichozimwa usiku ili kupunguza gharama hakimsaidii mtu. Kwa hivyo pamoja na kuuliza kama kifaa kipo, jirani anafaa kuuliza nani anakikagua na matokeo ya ukaguzi yanasomwa wapi.

Liganga na Mchuchuma: miaka ya kusubiri

Mfano wa Afrika Mashariki unaofanana zaidi na mada hii uko Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, kusini mwa Tanzania. Liganga kuna mlima wenye madini ya chuma yaliyochanganyika na titani na vanadi. Katika wilaya hiyo hiyo, Mchuchuma kuna makaa ya mawe. Wazo limekuwa rahisi kulieleza: makaa ya Mchuchuma yazalishe umeme, na umeme huo uyeyushe chuma cha Liganga.

Mnamo Septemba 2011, Shirika la Maendeleo la Taifa la Tanzania lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Gharama ilitajwa kuwa dola bilioni 3 za Marekani. Mpango ulihusu kituo cha megawati 600, ambapo sehemu ya umeme ingekwenda kiwandani na sehemu nyingine kwenye gridi ya taifa. Kituo cha ukubwa huo kikifanya kazi kwa nguvu zote kwa siku nzima huzalisha uniti milioni 14.4. Kwa kipimo cha nusu kilo kwa uniti, kingechoma takriban tani 7,200 za makaa ya mawe kila siku.

Miaka ilipita huku masharti ya mkataba yakijadiliwa upya. Fidia kwa wananchi waliopisha mradi ilikuja kulipwa mwaka 2023, zaidi ya miaka 10 baada ya mkataba kutiwa saini. Ilizidi shilingi bilioni 15 za Tanzania. Hadi wakati huo hakuna tanuri lililokuwa limewashwa.

Funzo la Ludewa ni kwamba gharama ya mradi mkubwa inaweza kumfikia mwananchi hata kabla ya moshi wa kwanza. Mtu ambaye ardhi yake imewekewa alama ya mradi husita kupanda miti ya kudumu, kujenga nyumba ya mawe au kuchimba kisima, kwa kuwa hajui atahamishwa lini. Kwa hivyo tarehe ya malipo ni muhimu sawa na kiasi cha malipo.

Lamu: kibali kilichofutwa

Kenya nayo ilikaribia kujenga kituo cha kwanza kikubwa cha makaa ya mawe. Kampuni ya Amu Power ilipanga kituo cha takriban megawati 1,000 huko Kwasasi, Kaunti ya Lamu, si mbali na Mji wa Kale wa Lamu ambao ni turathi ya dunia tangu mwaka 2001. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ilitoa kibali mwaka 2016. Wakazi chini ya muungano wa Save Lamu walikata rufaa.

Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta kibali hicho. Sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyofanywa mapema, kabla matokeo ya utafiti hayajapatikana, haikuhesabiwa kuwa ushirikishwaji, kwani mwananchi hawezi kutoa maoni ya maana kuhusu ripoti ambayo hajaiona. Jopo pia lilieleza kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa ilivyotakiwa.

Uamuzi huo haukusema kwamba Lamu haihitaji umeme au ajira. Ulisema kwamba njia iliyofuatwa haikuwa halali. Wavuvi, wafanyabiashara na wazee waliokaa katika vikao hivyo kwa miaka mitatu walithibitisha kwamba sahihi kwenye daftari la mahudhurio haitoshi kuitwa maoni ya umma.

Umeme safi pekee hautoshi

Sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya Kenya hutoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa kama Turkwel, upepo wa Turkana na mitambo ya jua, ikiwemo ya Kesses hapa Uasin Gishu. Kwa hiyo kiwanda cha kuyeyusha skrapu kinachotumia umeme wa gridi hakihitaji rundo la makaa ya mawe uani. Hiyo ni nafuu kubwa kwa majirani.

Lakini tanuri lenyewe bado lina moshi wake. Mabati chakavu yana zinki, rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vyuma vilivyopakwa mafuta au plastiki hutoa gesi zenye sumu vinapoyeyuka. Skrapu isipochambuliwa, sumu hizo hupaa na kutua kwenye paa za jirani.

Mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa ulijifunza hivyo kwa uchungu. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi kilifanya kazi kando ya makazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Watoto na watu wazima walipatikana na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mtoto wake aliathirika, aliongoza harakati za kudai haki. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na lawama ikagawanywa kati ya kampuni na taasisi za umma. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ilichukua muongo mzima baada ya kiwanda kufungwa, na risasi iliyoingia katika mwili wa mtoto haiondolewi na hukumu.

Sheria inampa mkazi nini?

Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya katika Kifungu cha 42. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, na hahitaji kuthibitisha kwamba tayari kuna aliyepata hasara au kuumia. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi ya aina hii ifanyiwe tathmini ya athari kwanza. Kanuni za mwaka 2003 zinataja mabango karibu na eneo la mradi, tangazo katika gazeti la kitaifa kwa wiki mbili mfululizo, matangazo ya redio kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na angalau mikutano mitatu na watakaoathirika. Asiyeridhika na uamuzi wa kutoa kibali anaweza kukata rufaa mbele ya jopo lililosikiza kesi ya Lamu, ndani ya siku 60. Anayesubiri hadi vumbi lianze kutua kwenye mahindi yake huenda akakuta muda huo umepita.

Maswali ya kubeba mkutanoni

Mkutano wa umma unapoitishwa, iwe ni katika baraza la chifu au ukumbi wa wodi, maswali yafuatayo yatasaidia. Yanaweza pia kujadiliwa katika chama, kanisani, au darasani.

1. Ripoti ya tathmini iko wapi, na je, muhtasari wake upo kwa Kiswahili au Kinandi?
2. Kiwanda kitatumia umeme kutoka wapi, na stima ikikatika kitachoma nini?
3. Upepo huvuma kuelekea wapi, na ni shule, zahanati au nyumba zipi ziko upande huo?
4. Maji yatatoka mto au kisima gani, kiasi gani kwa siku, na yatarudishwa yakiwa katika hali gani?
5. Majivu na taka nyingine zitawekwa wapi, na nani atazitunza kiwanda kikifungwa?
6. Nani atapima hewa, mara ngapi, na matokeo yatabandikwa wapi?
7. Kama kuna ardhi itakayotwaliwa, fidia italipwa tarehe gani?
8. Ni ajira ngapi za kudumu, na ngapi ni za wakati wa ujenzi pekee?

Swali la nane lina uzito sawa na mengine. Kijana wa Langas anayetafuta kazi na mama wa Ngeria mwenye mtoto wa pumu ni majirani, na mara nyingi ni watu wa familia moja. Majibu yaliyoandikwa na kuhifadhiwa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa huwalinda wote wawili, pamoja na mwekezaji anayefanya kazi yake kwa uaminifu.

Mkazi anayeona moshi usio wa kawaida, maji yaliyobadilika rangi au taka zilizotupwa ovyo anashauriwa kuandika tarehe, saa na mahali, apige picha ikiwezekana bila kujihatarisha, kisha apeleke taarifa kwa msimamizi wa wodi, idara ya mazingira ya kaunti au ofisi ya NEMA. Ahifadhi nakala ya taarifa hiyo. Kesi za Lamu na Owino Uhuru zilitegemea watu wa kawaida walioweka kumbukumbu mapema.